Tabaka siyo daraja

Wiki iliyopita nimekaa kijiweni nakunywa kahawa, jamaa mmoja karudia tena ile kauli, "siku hizi mambo ya matabaka yameisha, kila mtu ana simu ya tachi, bosi yupo WhatsApp na mlinzi wake yupo WhatsApp". Watu wakaitikia. Hii nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye daladala, hadi kwenye kikao cha harusi nimeisikia, na kila mara natamani tusimame kidogo kwenye hilo neno, maana tunalitumia kama vile linahesabu kitu ulichoshika mkononi.

Maana yake kwa kifupi: tabaka ni kundi la watu waliokaa sehemu moja kwenye mpangilio wa kutafuta riziki, yaani nani anamiliki chombo, nani anakifanyia kazi, na nani anaamua mgao wa kinachopatikana. Basi. Hapo simu haijatajwa, wala gari.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe maana huko ndiko kwenye mambo. Limetoka Kiarabu, tabaqa, kitu kilicholala juu ya kingine au kilichokifunika. Aliyepita madrasa anakumbuka Suratul Mulk, mbingu saba "tibaqan", moja juu ya nyingine, mzizi ni huo huo. Sisi wenyewe tunasema tabaka la ozoni, matabaka ya udongo, fundi wa kisima anakwambia mzee tumemaliza tabaka la mchanga sasa tumeingia kwenye mfinyanzi. Iangalie vizuri hiyo picha. Mchanga ukiwa juu, uzito wake wote anao mfinyanzi. Kwa hiyo huwezi kuelezea tabaka moja ukanyamaza kuhusu jingine, ni lazima useme liko juu ya nini na chini ya nini.

Daraja ni neno jingine kabisa. Nalo ni la Kiarabu ila lenyewe ni kipandio, ngazi (la kuvukia mto liweke pembeni kwanza). Ndiyo maana treni ya TAZARA ina daraja la kwanza, la pili na la tatu, mtumishi wa serikali anapandishwa daraja, matokeo ya kidato cha nne yanatoka kwa madaraja. Daraja unapanda mwenyewe, ukipata hela unahama la tatu unakaa la kwanza, na yule uliyemuacha kule nyuma hajakubeba mgongoni. Ongeza na darasa la wanafunzi, tuna maneno matatu tofauti, halafu Waingereza yote matatu wana neno moja tu, class. Mimi naamini tumekorogekea hapo, tunasoma kwa lugha yao tukija kusema kwa yetu tunaokota lolote lililo karibu.

Mfano mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa ripoti, tabaka la kati ikalihesabu kuwa ni watu wanaotumia dola 2 hadi 20 kwa siku, ikapata kama theluthi ya Waafrika wote, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa kwenye dola 2 mpaka 4. Dola 2 kwa siku! Hicho ni kipimo cha matumizi, ni daraja, wala si vibaya kukipima, lakini hakikuambii huyo mtu anamfanyia kazi nani. Wazee wetu hawakuchanganya. Azimio la Arusha la 1967 lilipozungumzia nchi isiyo na tabaka mbili lilieleza hapo hapo kwamba moja ni ya wanaofanya kazi na nyingine ni ya wanaoishi kwa jasho la wenzao. Halikuhesabu nani ana redio.

Kijana wa bodaboda anayenibeba asubuhi mpaka stendi ana simu kubwa kuliko yangu. Kaifunga kwenye usukani kwa vipande vya mpira wa tairi, juu kaivisha plastiki kwa ajili ya mvua, kioo kimepasuka kona moja. Pikipiki ni ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu elfu kumi kwa mwenye pikipiki, ambaye kijana anamwita tajiri. Yule mzee ni mstaafu tu ana pikipiki mbili, hana utajiri wowote, ila mtaa umempa jina hilo kwa sababu mtaa unajua nani kakaa juu ya nani. Simu nayo ni ya mkopo, inalipiwa kila siku, akikosa siku moja inajifunga yenyewe, ikijifunga hapati abiria wa kwenye apu, asipopata abiria hana hela ya kuifungua. Juzi nimemkuta kakaa juu ya tanki kaishika, kioo cheusi kina namba ya kulipia tu, anasubiri mtu yeyote wa kumpeleka popote apate ya kuifungulia.

Na juu ya tajiri wa pikipiki kuna tajiri wa apu, huyo hajawahi kumuona. Yule mzee angalau unamgongea mlango unamwambia baba leo mvua imenyesha kutwa, niongezee siku. Huyu wa apu unamgongea wapi? Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, walipoweka kikomo cha kamisheni, yaani fungu ambalo apu inakata kwenye nauli, kiwe asilimia 15, Uber, wenye apu ya kuitia usafiri, wakasimamisha huduma Tanzania mwezi wa nne, kikomo kikaja kupandishwa mpaka 25, mwaka 2023 wakarudi. Sisemi nani alikuwa na haki, nasema miezi yote hiyo dereva alikuwa na simu, abiria alikuwa na simu, bando lipo, gari lipo limeegeshwa, na dereva hakuwa na lolote la kuamua.

Au wale vijana wa Nairobi walioandikwa sana mwanzoni mwa 2023, waliokuwa wanasoma maandishi machafu kutwa nzima ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, kwa chini ya dola 2 kwa saa. Kompyuta wanayo, intaneti wanayo. Shida ya nani anafikiwa na mtandao na nani hafikiwi ipo na ina jina lake, pengo la kidijitali, na hilo minara na bando la bei nafuu vinaweza kuliziba. Wale vijana pengo lilishazibwa zamani na bado walikuwa chini.

Yule jamaa wa kijiweni sikumbishia, maana ni kweli bosi na mlinzi wote wako WhatsApp. Nilimuuliza tu, bosi akituma meseji saa sita usiku mlinzi anajibu baada ya muda gani, na mlinzi akituma saa hiyo hiyo je? Akafikiria, akasema anhaa. Kwa hiyo mdogo wangu, ukitaka kusema simu zimeenea, sema simu zimeenea, ni kweli na ni jambo la kushukuru. Ukitaka kusema watu wamepanda kimaisha, sema wamepanda daraja. Ila ukitaja tabaka, utaje na lile lililo juu yake, kama fundi wa kisima anavyofanya.