Mafuta ya nywele ya kutengeneza nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Meza za miti shamba pale Kariakoo siku hizi zina kona nzima ya nywele: nyonyo, uwatu, habasoda, rozimari iliyokaushwa, unga wa hina, vichupa vya mafuta ya karafuu. Wanunuzi wengi wanakwenda kuchanganya wenyewe nyumbani, na sina ugomvi na hilo. Ni nafuu, na angalau unajua umetia nini. Ugomvi wangu ni na maneno anayopewa mnunuzi pamoja na chupa.

"Nyonyo inakuza nywele haraka"

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai tena. Ni keratini, protini ile ile ya kucha. Kukua kunafanyika chini, kwenye shina, kwa kasi ya kama sentimita moja kwa mwezi. Nywele za Kiafrika huwa chini kidogo ya hapo. Hakuna ushahidi madhubuti kwamba mafuta ya nyonyo yanaongeza kasi hiyo.

Mbona basi kuna wanaopaka na nywele zinarefuka? Kwa sababu hazikatiki. Mafuta haya ni mazito, yanaufunika unywele na kupunguza msuguano wa kitana na wa foronya, kwa hiyo urefu uliokuwa ukipotea kwenye ncha unabaki. Faida ipo, ila sababu siyo ile uliyoambiwa. Ukilijua hilo hutayamimina kwenye ngozi ya kichwa. Utapaka ncha, tena kidogo, ukiwa umeyachanganya na mafuta mepesi kama ya ufuta au alizeti, maana yenyewe peke yake yanaweza kuzisokota nywele ndefu zikawa fundo lisilofumuka.

Na tafadhali usikamue mbegu zake jikoni. Mbegu ya mnyonyo ina risini, sumu kali sana. Haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, na mashudu hayo yatabaki kwenye kinu chako, mahali anapofika mtoto na kuku. Nunua mafuta yaliyokwisha kukamuliwa.

Anayetaka mafuta yenye ushahidi arudi kwenye nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele. Asidi yake ya lauriki ni ndogo na imenyooka, ndiyo maana inapenya ndani badala ya kubaki juu. Yapake kabla ya kuosha. Hapo ndipo yanaposaidia zaidi.

Rozimari nayo inatajwa kwa utafiti wa mwaka 2015, ambapo mafuta yake yalishindanishwa na minoksidili, dawa ya dukani ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa miezi 6 na matokeo yakakaribiana. Ni kweli. Lakini walikuwa watu 100 tu, wote wenye upara wa kurithi, na hakukuwa na kundi lililopakwa kitu kisicho na dawa. Utafiti huo hauwezi kumwambia chochote dada ambaye nywele zake zinakatika kwa pasi na rangi. Maji ya kitunguu yana hadithi inayofanana: yalijaribiwa kwa watu wachache wenye ugonjwa wa nywele kunyonyoka kwa mabaka, ugonjwa ambao mara nyingi hupona wenyewe.

"Kichwa kinawasha, kina mba: ni ukavu, ongeza mafuta"

Hapa ndipo mafuta ya nyumbani yanapoharibu zaidi. Mba wa kawaida unahusiana na fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kichwa ya karibu kila mtu. Hawezi kujitengenezea mafuta anayohitaji, hivyo anategemea anayoyakuta. Maabara wakitaka kumwotesha humwekea mafuta ya zeituni! Sasa mtu anayesugua zeituni kichwani kila jioni ili mba uishe, anafanya kazi ya maabara. Mwenye mba aoshe kichwa mara nyingi zaidi, kwa shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni kutoka duka la dawa, na mafuta yaishie kwenye nywele bila kufika kwenye ngozi.

Mapunye ni habari nyingine kabisa. Mtoto ana mabaka ya duara, magamba, nywele zimekatika kama zimenyolewa vibaya, na nyumbani anapakwa kitunguu saumu, mwarobaini, wengine hata mafuta ya taa. Fangasi wa mapunye yumo ndani ya unywele na shina lake, kwa hiyo cha kupaka peke yake hakimmalizi, kiwe cha shambani au cha dukani. Inatakiwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa, iliyoandikwa na daktari. Kila wiki ya kujaribu saumu ni wiki ya kuwaambukiza wadogo zake kwa kitana kile kile. Isitoshe, saumu mbichi ikikaa kwenye ngozi ya mtoto huiunguza.

"Ni ya asili, haiwezi kudhuru"

Chukua karafuu. Pemba, pale Wawi, kuna kiwanda kinachosindika mafuta kutoka kwenye makonyo yake. Kilichojaa ndani ya mafuta hayo ni yuginoli, kitu kile kile madaktari wa meno wanachotumia kutuliza jino. Kukipaka bila kukizimua ni kujiunguza. Kwa mililita 100 za mafuta ya nazi, matone 10 ya karafuu yanatosha kabisa. Rozimari unaweza kufika 20. Ile tabia ya "nimeona haiwashi, nikaongeza" iachwe.

Ndimu na limau zikibaki kwenye paji la uso kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kubabuka na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Uwatu ni jamaa ya karanga, hivyo mwenye mzio wa karanga awe mwangalifu.

Lakini ninaloliogopa kuliko yote ni piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa inayoiva kuwa kahawia iliyokolea. Haiwi nyeusi tititi. Weusi ule unatoka kwenye unga wa rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Watu wanaichanganya na hina, wanaita "hina nyeusi", wanampaka bibi harusi mikononi na kichwani, na kila mtu ana uhakika ni jani tu. Mzio wake huleta malengelenge na uso kuvimba, na ukishaupata unabaki nao: rangi nyingi nyeusi za nywele zitakudhuru maisha yako yote. Mchanganyiko wowote mpya, jaribu kwanza tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili.

"Yai linarudisha protini, baking soda inasafisha"

Molekuli za protini ya yai ni kubwa mno kupenya unywele. Linaupaka juu, unang'aa, unaliosha, limeondoka. Halidhuru, ila kwa bei ya trei ya sasa mimi ningelikaanga. Baking soda ina pH (kipimo cha uasidi) ya zaidi ya 8 wakati ngozi ya kichwa iko karibu 5.5. Inafungua magamba ya unywele, nywele zinakuwa kavu na kujisokota. Iache kwenye maandazi.

"Kingo zangu zitaota nikipata mafuta sahihi"

Kama msusi anakaza mpaka nyusi zinapanda, hakuna mafuta yatakayomshinda. Nywele za pembeni ya uso zinang'olewa na mvuto. Ukiacha mapema huota zenyewe. Ukiendelea kwa miaka shina linakuwa kovu, na kovu halioti nywele. Twende kilioni iliyolegea ina faida kuliko chupa tano. Ngozi ikiwa imeanza kuwa laini na kung'aa, au upara unaanzia utosini na kupanuka, muone daktari wa ngozi mapema.

"Tia vitamini E, haitaharibika"

Hili nalisikia zaidi kwa wanaoanza kuuza. Vitamini E inachelewesha mafuta yasichache kwa hewa. Bakteria na ukungu haiwahusu kabisa.

Kabla ya kuuliza kitu kingine chochote kuhusu mchanganyiko wako, uliza kama una maji. Jeli ya mshubiri karibu yote ni maji. Chai ya rozimari, maji ya mchele, ute wa uwatu, jeli ya mbegu za kitani, parachichi lililopondwa, vyote ni maji, na ukivikoroga na mafuta ya nazi maji hayajaondoka. Kwenye joto la Dar es Salaam vijidudu vinazaliana humo haraka, na huoni kitu mwanzoni kwa sababu harufu ya karafuu inafunika. Mteja aliyetoka kusukwa jana, mwenye vijidonda vidogo vidogo, ndiye atakayekuonyesha: vipele vya usaha kila penye mstari.

Vya maji tengeneza vya kutumia leo, au weka friji siku chache tu, au gandisha kwenye trei ya barafu utoe kipande kimoja kimoja. Ukitaka vikae dukani unahitaji kihifadhi cha kweli, kwa mfano fenoksietanoli isiyozidi asilimia 1, iliyopimwa kwa mizani ya dijitali na si kwa kifuniko cha chupa. Mshubiri ukiukata, lisimamishe jani kwanza ili utomvu wa njano uchuruzike, kisha lioshe. Utomvu huo ndio unaowasha watu.

Mafuta matupu ni rahisi zaidi. Majani unayoloweka ndani yake yawe makavu mpaka yanavunjika mkononi, maana jani bichi linaingiza maji na ukungu unafuata. Chuja vizuri, tia kwenye chupa kavu ya rangi ya kahawia, andika tarehe.

Ukianza kuuza Tanzania, vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), si TFDA ya zamani, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kenya viwango ni vya KEBS, shirika lao la viwango. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo, waulize. Lebo iwe na viambato vyote, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Na usiandike "inatibu mapunye", kwa sababu hapo umeshatoka kwenye vipodozi na kuingia kwenye dawa, ambako sheria ni nyingine.