Je, wajua? Kimia chenye matundu huzibaje damu ya kichanga?

Mtu akiambiwa kwenye ekografi (kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti), Bukavu mashariki mwa Kongo au kwingine, kwamba mtoto ana "tundu la moyo" linaloweza kuzibwa bila kupasua kifua, akilini huja kizibo cha chupa. Hapo kuna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni dogo. Katika ugonjwa tunaousema hapa, uitwao PDA kwa kifupi cha Kiingereza, tundu haliko ndani ya moyo. Ni mfereji kati ya aota (mshipa mkuu upelekao damu mwilini) na ateri ya mapafu (mshipa upelekao damu mapafuni). Sote tulikuwa nao tumboni, wakati mapafu hayajaanza kazi. Kwa mtoto aliyetimiza miezi hujifunga ndani ya siku tatu hivi. Kwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, mara nyingi hubaki wazi, damu ikafurika mapafuni.

La pili ndilo tamu. Kifaa kinachowekwa si kizibo, ni kimia cha nyaya za nikeli na titani. Kile cha njiti, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa watoto wa kuanzia gramu 700, hakina hata kitambaa ndani. Kimwagie maji, yatapita. (Kizibo halisi kiliwahi kuwepo: mwaka 1967 Werner Porstmann wa Berlin alitumia cha sponji, lakini kilihitaji ateri pana kuliko ya kichanga.)

Kinachoziba ni damu yenyewe. Wakazi wa Bukavu wanalijua jambo hili kwa umeme kukatika. Taka za plastiki zikitoka Ziwa Kivu hukwama kwenye bwawa la umeme la mto Ruzizi: chupa moja inanasa, ya pili inanaswa na ya kwanza, majani yanajaza nafasi, na maji yanakosa njia. Ndani ya mfereji, chembe za kugandisha damu hufanya vivyo hivyo kwenye nyaya. Kisha, kwa miezi kadhaa, utando wa ndani wa mshipa hutambaa juu ya kimia na kukifunika. Kero ya Ruzizi hapa ni tiba.

Mkondo ukibaki na kasi, damu haipati utulivu wa kuganda. Chembe nyekundu hupasuka zikipigwa kwenye nyaya, na mkojo huwa na rangi ya chai kavu.

Je, kinashikwa na nini? Hakishonwi. Fikiria godoro la sponji lililoviringishwa na kufungwa kamba: ikate kamba katika chumba chembamba, godoro litafumuka na kubana kuta. Kimia huvutwa kikawa uzi ndani ya sonda, mrija mwembamba wa milimita 1.3 hivi. Kinapita vena ya paja, upande wa kulia wa moyo, ateri ya mapafu, hadi mfereji. Huko kinarudia umbo lake, kiuno cha milimita 3, 4 au 5. Bado kimefungwa kwa skrubu kwenye waya unaokisukuma, hivyo ekografi ikionyesha kinabana aota au ateri ya pafu la kushoto, kinarudishwa ndani ya sonda. Kikikaa sawa, waya huzungushwa kinyume cha saa, basi. Kimia kidogo mno huchukuliwa na mkondo, kwa kawaida hadi ateri ya mapafu, na hulazimu kuvuliwa kwa kitanzi. Kwa njiti, hatari nyingine ni waya kuchana vali ya moyo njiani.

Si kila mfereji wa kuzibwa. Ya njiti wengi hujifunga baadaye yenyewe, na nani hasa anufaike bado kunabishaniwa. Tena wapo vichanga wenye kasoro nyingine ambao mfereji huo ndio njia pekee ya damu kufika mapafuni au mwilini. Hao hupewa dawa ya dripu ili usijifunge.