Je, wajua kwa nini "urefu toa 100" inakaribia ukweli, na inakosea wapi?

Mizani za mtaani Mwanza hazikosekani, unapanda, unalipa, unaambiwa kilo 70, unashuka. Sasa hiyo 70 peke yake haina maana, kwa mtu wa sentimita 175 iko poa kabisa ila kwa wa 155 imezidi sana. Ndo maana watu wanatumia ile hesabu ya kichwani, chukua sentimita zako toa 100, ukibaki na 65 basi kilo zako ziwe kama 65 hivi. Hesabu hii inahusishwa na Paul Broca, daktari Mfaransa wa karne ya 19.

Je, inakubali? Pima na ile ya hospitali, BMI, yaani kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu mzima anatakiwa aangukie kati ya 18.5 na 24.9, kuanzia 25 uzito umezidi, 30 na kuendelea ni unene wa hatari. Mtu wa sentimita 160 mwenye kilo 60 anapata 23.4, wa 180 mwenye kilo 80 anapata 24.7. Wote wamepita, ila ona huyo mrefu yuko ukingoni kabisa. Na usishike namba moja tu kama amri, kwa sentimita 160 uzito salama unaanzia kama kilo 48 mpaka 63, ni uwanja mpana, kwa hiyo mtu akipungua kidogo tusikimbilie kumuuliza "vipi, unaumwa?" maana maneno hayo yanawaumiza watu kweli.

Shida kubwa ni kwamba mizani haijui kilo zimekaa wapi. Mbeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, sentimita 170 na kilo 76, BMI inamwambia 26 kazidi, kumbe ni misuli. Mwingine wa urefu huohuo ana kilo 70, kwenye karatasi yuko safi, lakini kitambi kimetangulia, na mafuta ya ndani ya tumbo yanayozunguka ini na utumbo ndo yanaleta sukari na presha. Mimi naona huyu wa pili ndo wa kuonewa huruma zaidi, kwa sababu hakuna anayemwambia kitu, tena anasifiwa amependeza, maisha yamemkubali.

Kwa hiyo ongezea futi ya fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Mzunguko usifike nusu ya urefu wako, mtu wa 170 abaki chini ya 85.

Wajawazito na walio chini ya miaka 18 hesabu hizi haziwahusu, wao wana vipimo vyao kliniki.