Je, wajua kwa nini paneli ya Django huandika "Kitabus"?

Anayetengeneza mfumo wa maktaba kwa Django, zana ya kuundia tovuti kwa lugha ya Python, akaiita modeli yake (maelezo ya aina moja ya taarifa inayohifadhiwa) Kitabu na kuisajili katika paneli ya msimamizi, kurasa za kuingizia na kuhariri taarifa hizo, hukuta orodha yake imepewa jina "Kitabus". Modeli ya KadiYaMkopaji hutoka vibaya zaidi: "Kadi ya mkopajis". Hiyo si hitilafu. Django isipoelekezwa vinginevyo hupata wingi kwa kubandika herufi "s" mwishoni mwa jina, kwa desturi ya Kiingereza, wala haijui kwamba kwetu neno hubadilika mwanzoni, ki- ikawa vi-, au halibadiliki kabisa, kama nyumba.

Chanzo ni namna paneli yenyewe inavyoundwa. Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Gazeti halina subira, na kuchora fomu mpya kwa kila aina ya taarifa hula muda. Kwa hiyo paneli husoma modeli na kujijenga yenyewe, sehemu ya tarehe ikapata kalenda, ya ndiyo au hapana ikapata kisanduku cha kuweka alama. Kisichoandikwa ndani ya modeli hukisiwa tu, na wingi ni mojawapo ya makisio hayo.

Dawa ni mstari mmoja. Ndani ya darasa dogo la Meta, lililomo katika modeli, huandikwa verbose_name_plural = "Vitabu". Vilevile kila kitabu huonekana kama "Kitabu object (1)" mpaka modeli ipewe kitendo cha __str__ kinachorudisha jina la kitabu. Baada ya hapo ndipo inafaa kugusa list_display, inayochagua safu za kuonyeshwa, pamoja na search_fields, inayoleta kisanduku cha kutafutia; wengi huanzia huku, jambo ambalo kwangu ni sawa na kupaka rangi nyumba isiyoezekwa.

Wapo wanaodhani kwamba kuweka LANGUAGE_CODE, mpangilio wa lugha ya mfumo, kuwa "sw" kutamaliza yote. Mpangilio huo huleta tafsiri za Kiswahili za maneno ya Django yenyewe, kama yale ya vitufe, lakini "Kitabus" hubaki palepale, kwa kuwa jina hilo limetokana na modeli ya msanidi, nalo halimo katika faili za tafsiri za Django.