Ganzi ya mkono au nusukaputi: mgonjwa huridhika na lipi?

Mtu anapovunjika mkono hapa Lamu, awe ameanguka kutoka juu ya punda, juu ya mnazi au kwenye ngazi za nyumba ya mawe, hufikishwa kwangu pamoja na swali ambalo mara nyingi hutolewa na jamaa aliyemleta: je, mgonjwa atatiwa usingizi kabisa, au mkono peke yake ndio utakaotiwa ganzi? Mimi ni daktari wa usingizi, na kwa miaka mingi nililijibu swali hilo kwa kueleza usalama na muda wa upasuaji, nikiamini kwamba ganzi ndiyo itakayomridhisha kila mtu mzima anayefanyiwa upasuaji wa mkono. Bado naipenda ganzi. Lakini imani ile nimeirekebisha, na walionirekebisha ni wagonjwa wenyewe.

Nianze na tofauti ya njia hizi mbili. Katika nusukaputi, dawa hupitia kwenye mshipa wa damu au huvutwa pamoja na hewa, ikaufikia ubongo, na mgonjwa akawa hasikii wala hakumbuki lolote. Mara nyingi huwekewa mpira kooni ili apumue vizuri, na ndiyo sababu wengine huamka koo likiwasha. Ganzi ya mkono haiugusi ubongo. Mishipa ya fahamu inayouhudumia mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano, ikasokotana nyuma ya mtulinga kama kamba ya nyuzi nyingi, kisha ikateremka hadi kwapani na kugawanyika kuelekea kiwiko, kigasha na vidole. Mililita 20 hadi 30 za dawa zikiwekwa kando ya kamba hiyo, mkono wote hulala na mwenyewe akabaki macho. Daktari Mmarekani William Halsted alilifanya jambo hili mjini New York katika miaka ya 1880 kwa kutumia kokeni, ila yeye alilazimika kuipasua ngozi ili aione mishipa. Mwaka 1911 Wajerumani wawili, Georg Hirschel na Diedrich Kulenkampff, walionyesha kwamba sindano pekee inatosha: wa kwanza aliipitisha kwapani, wa pili juu ya mtulinga, na huyu wa pili alianza kwa kujidunga mwenyewe. Siku hizi altrasaundi hutuonyesha ncha ya sindano, mshipa wa damu na utando wa pafu, vitu ambavyo wazee wetu wa kazi hii walivikisia kwa vidole.

Faida za ganzi katika saa za mwanzo hazina ubishi. Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji bila maumivu, hunywa chai mapema, na hasumbuliwi sana na kichefuchefu, ambacho humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu baada ya nusukaputi asipopewa dawa ya kukizuia. Kwa mzee mwenye kifua kibovu, kuachwa apumue mwenyewe ni neema kubwa, mradi sindano isipigwe juu sana shingoni, kwa kuwa huko hulemaza kwa muda nusu ya kiwambo kinachotusaidia kuvuta pumzi. Kufunga chakula hakuepukiki kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, maana ganzi ikikataa kushika itabidi mgonjwa alazwe usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari.

Nimkumbuke hapa fundi mmoja wa majahazi, mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, aliyevunjika mifupa yote miwili ya kigasha. Nilimtia ganzi juu ya mtulinga saa tatu asubuhi, ikashika barabara. Nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa sauti. Daktari wa mifupa alipoanza kutoboa ili afunge chuma, mzee alikaza mwili wote, macho yakatoka, nami nikadhani anasikia maumivu. Nikamwuliza, “Mzee wangu, yauma?” Akanijibu, “Haiumi, mwanangu. Lakini hiyo ni keekee. Najua keekee inavyofanya ikipita upande wa pili.” Maisha yake yote alikuwa akitoboa mbao, na alijua hasa kinachotokea kwenye mfupa wake. Nilimshika bega, nikamwomba daktari asimame kidogo, nikamweleza kipimo cha msumari na namna wanavyohakikisha haupiti kiasi. Akatulia, akaanza kuuliza maswali ya kifundi hadi mwisho. Tangu siku hiyo mgonjwa wangu haingii ndani kabla sijamwambia atakachosikia kwa masikio, na asiyetaka kusikia nampa dawa kidogo ya kumsinzisha juu ya ganzi.

Kabla hajatoka hospitalini jioni ile alijaziwa fomu ya kuridhika. Muuguzi aliuliza, naye akajibu, “Alhamdulillah, nashukuru sana.” Likaandikwa jibu la juu kabisa. Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa kazi watazame kwa makini, kwa sababu fomu zetu zimefasiriwa kutoka lugha nyingine na hazitofautishi kushukuru na kuridhika. Mtu wa pwani aliyelelewa vyema hushukuru katika raha na katika dhiki. Kumwuliza mbele ya watu waliomtibu iwapo ameridhika, huku dawa ingali mwilini na mkono ukiwa haujamwuma hata kidogo, ni kumwomba adabu, naye atakupa adabu.

Siku ya tatu nilimpigia simu. Alikuwa amevuka kurudi kwao kisiwani Pate jioni ileile, akiwahi maji kabla hayajapwa, maana vyombo vikubwa hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, kwa kufuata kujaa kwa maji. Ganzi ya bupivakaini, dawa niliyomdunga, hudumu saa nyingi, pengine 8, pengine 16 au hata zaidi, na yake ilimtoka usiku wa manane. Alinieleza kwamba mkono ulirudi kama uliotiwa kwenye tanuri, kwamba alikaa kitandani akiukumbatia hadi adhana ya alfajiri, na kwamba vidonge tulivyompa aliviweka pembeni kwa sababu alipofika nyumbani mkono ulikuwa hauumi, na mtu hamezi dawa ya maumivu asiyokuwa nayo. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa dawa bila kumwambia saa ya kuimeza, tena nikamwacha avuke bahari na usiku ule mbele yake.

Maumivu haya ya kurudi kwa ghafla yanajulikana vyema katika fani yetu. Kwa wagonjwa waliofungwa chuma katika mfupa wa kifundo cha mkono, imeonekana kwamba waliotiwa ganzi huwa na maumivu machache sana katika saa za kwanza, lakini saa 12 hadi 24 baadaye huweza kuumwa zaidi kuliko waliolazwa usingizi. Sababu inaeleweka: aliyeamka kutoka nusukaputi huanza kuumwa akiwa bado wodini, dawa hupandishwa polepole mbele ya muuguzi, ilhali aliyetiwa ganzi hupanda kutoka sifuri hadi maumivu yote kwa mkupuo, akiwa nyumbani, gizani. Ukimwuliza kila mmoja mchana wa upasuaji, ganzi itashinda. Ukiwauliza asubuhi ya pili, huenda ushindi ukapotea. Basi linganisho lolote la kuridhika lisilotaja saa ambayo swali liliulizwa silipi uzito.

Kuna pia mambo ambayo hayahusu maumivu kabisa. Kope ya upande uliodungwa huweza kulegea na sauti kukwaruza kwa saa kadhaa. Aliyeambiwa mapema hulichukulia kuwa jambo dogo, asiyeambiwa hudhani amepooza. Wapo wanaofadhaishwa na mkono wenyewe, kwamba wanauona umelala pale na hauwatii. Na kwa akina mama wa mji huu liko suala la stara, ambalo kwa masikitiko yangu nilichelewa kulizingatia. Nilidhani wote wangependa kulala ili wasijione wamezungukwa na wanaume. Bibi mmoja alinisahihisha kwa upole: yeye alitaka kuwa macho ili ailinde leso yake mwenyewe, na kweli aliishika kifuani kwa mkono mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine, wiki hiyohiyo, alinisihi nimlaze asijue lolote. Wote wawili walikuwa na haki, na mimi sikuwa na njia ya kujua ila kwa kuuliza, tena faraghani, bila mume wala kaka kumjibia.

Kwa hiyo utaratibu wangu wa sasa ni huu. Mtu mzima anayefaa kwa njia zote mbili namweleza zote mbili, pamoja na usiku wa kwanza. Akichagua ganzi, muda wa dawa nampimia kwa sala, kwa sababu ndio muda ambao kila nyumba hapa inaujua: parasetamoli gramu moja na ibuprofeni miligramu 400, ikiwa hana vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, azimeze baada ya Maghrib akishakula, hata kama mkono bado umelala kama gogo. Parasetamoli airudie baada ya muda wa saa sita, ataamshwa, na jina la atakayemwamsha naliandika kwenye cheti. Mkono uliolala ukae kwenye kombeo, mbali na jiko na mbali na ubavu wa chombo wakati wa kushuka gatini, kwa kuwa ukiungua au kubanwa hatajua.

Swali la kuridhika nimelihamisha kutoka mlango wa chumba cha upasuaji. Napiga simu asubuhi ya pili, na siulizi kama ameridhika. Nauliza: “Usiku ulilala saa ngapi, na nini kilikuamsha?”