Kuhema sio kuishiwa oksijeni, makocha tuelewane

Mteja kainama kashika magoti, kocha kasimama pembeni anapiga kelele "vuta, vuta, vuta, umeishiwa oksijeni wewe!" Jamani. Hii nimeisikia mpaka masikio yamechoka, na wanaosema wengi wana vyeti.

Chukua mtu mwenye mapafu mazima, mkimbize mpaka ulimi nje, kisha mbane ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni kwenye damu, kwa kawaida utakuta anasoma 95% kwenda juu. Oksijeni ipo! Hewa tunayovuta ina kama 21% na tunayoitoa bado ina kama 16%, sasa kaishiwa wapi? Kinachomhemesha ni ubongo, misuli ikianza kazi tu unaongeza pumzi hapohapo bila kusubiri, halafu kabonidayoksaidi na asidi ya misuli vinazidi kuusukuma, maana huo uchafu lazima utoke.

Sasa wewe ukimwambia avute tu, anarundika hewa juu ya hewa kifua kinajaa hakiingizi tena. Na wale wa kuhemesha watu kabla hata seti haijaanza ndo wananimaliza kabisa, kabonidayoksaidi inashuka, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, mteja anaona kizunguzungu vidole vinamchonyota, kocha anasema "unaona, oksijeni ndogo, vuta zaidi". Kwenye bwawa usithubutu kabisa, mtu anazimia chini ya maji bila hata kuhisi hamu ya kupumua.

Mimi dawa yangu ni moja, mwambie ATOE. Midomo aibane kama anapoza kitu cha moto, atoe taratibu, kuvuta kutakuja kwenyewe.

Mengine fasta. Mazoezi hayamkuzii mtu mzima mapafu, kinachoimarika ni moyo, misuli ya kupumulia na jinsi misuli ya mwili inavyoitumia oksijeni. Pumzi ya tumbo haipeleki hewa tumboni, ni diaframu, ule msuli ulio chini ya mapafu, inashuka inasukuma vilivyo chini yake. Kupumua puani tu ni sawa kwenye mwendo mwepesi, akikaza acha afungue mdomo, mnamtesa bure.

Ila kifua kikianza kupiga filimbi hapo sio mambo ya stamina tena, simamisha zoezi, mkalishe wima, kama ana pampu yake ya pumu aitumie, na isipomsaidia ni hospitali moja kwa moja, sio "malizia raundi mbili".