Antioksidanti ni nini, na kahawa inahusikaje na mbegu za kiume?

Ukiuliza kama kahawa inaua mbegu za kiume utaambiwa acha kabisa, mwingine atakwambia uzushi huo kunywa tu. Wote wameruka hatua moja, maana bila kuijua antioksidanti hii habari huielewi.

Mwili ukitumia oksijeni kutengeneza nguvu unabakiza vitu vikorofi vinaitwa radikali huru. Vikiwa vichache havina noma, tena mbegu zinavihitaji kidogo ili ziweze kurutubisha yai. Vikizidi sasa, vinashambulia seli, na mbegu ya kiume ndo inaumia haraka kwa sababu utando wake wa nje umejaa mafuta yanayoharibika upesi halafu ikishakomaa haiwezi kujikarabati kama seli zingine, basi inapoteza mwendo na DNA yake, yaani vinasaba, inakatika. Antioksidanti ni kemikali zinazovituliza hivyo vikorofi: vitamini C, vitamini E, laikopini ya kwenye nyanya na nyingine kibao za kwenye mboga na matunda.

Kafeini je, ile inayochangamsha kwenye kahawa? Panya wakipewa dozi kubwa korodani zao zinaonyesha madhara, na wakichanganyiwa dawa za mimea yenye antioksidanti madhara yanapungua. Sawa, ila panya ni panya. Kwa binadamu kuna utafiti wa Denmark wa 2010, vijana 2,554, na waliokutwa na mbegu pungufu kwa uhakika ni wanywaji wa kola zaidi ya chupa 14 za nusu lita kwa wiki, ambao kafeini yao wala haikuwa nyingi, watafiti wakasema huenda ni maisha yao kwa ujumla hayakuwa ya afya. Kwa mtu mzima kiwango kinachohesabiwa salama ni miligramu 400 kwa siku, yaani kama vikombe vinne vya kahawa. Mi naona anayejimaliza ni yule wa enaji drinki tatu usiku, sigara juu, halafu halali.

Upande wa chakula, Marekani 2012 vijana 117 waligawanywa, nusu wakala gramu 75 za walnati (aina ya njugu za ng'ambo) kila siku kwa wiki 12, na mbegu zao zikaboreka uhai, mwendo na umbo. Wiki 12 kwa sababu mbegu moja inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo ukila parachichi leo usitegemee kitu kesho. Walnati huku kwetu bei yake we acha tu, lakini karanga, korosho, mbegu za maboga, mchicha na mapera vipo, pera lina vitamini C kuliko chungwa, na nyanya ikipikwa na mafuta kidogo laikopini inafyonzwa vizuri zaidi.

Vidonge vya virutubisho ni habari nyingine. Mwaka 2020 yalitoka majibu ya jaribio la Marekani la wanaume 2,370 waliopewa zinki (madini) na foleti (aina ya vitamini B) au vidonge bandia kwa miezi sita: watoto hawakuongezeka, na waliomeza zinki na foleti DNA ya mbegu ilikatika zaidi kidogo. Na ule unga wa "nguvu za kiume" wa mtaani hata kama unasimamisha, haukwambii mbegu ziko ngapi, hilo linajulikana kwa kipimo cha shahawa hospitali, na kama mmetafuta mimba mwaka mzima bila kinga mkapime wote wawili, sio mama peke yake.